Posa ya Kunong'ona

Shemeji Okech alikataa katakata nikae boti moja na Firmin.

"Mke wa ndugu yangu hawezi kuketi kwenye mtumbwi na mwanamume ambaye sijui hata alikozaliwa," alisema, na sauti yake ikafika ng'ambo ya ghuba ikarudi.

"Nilizaliwa Bukavu, grand frère," Firmin akajibu, akimwita kaka mkubwa kwa Kifaransa cha adabu, huku akikagua makafi.

"Usiniite grand frère. Bado."

"Bado!" Jennifer, mke wa Okech, alipiga makofi. "Nyieka, umesikia? Amesema bado. Hajasema kamwe."

Jennifer huniita nyieka, na mimi humwita hivyo hivyo. Ndivyo Wajaluo wanavyoitana wanawake walioolewa na ndugu wawili. Yeye aliolewa na Okech, mkubwa. Mimi niliolewa na Owuor, mdogo. Owuor wangu moyo wake ulisimama miaka mitatu iliyopita, akiwa amekaa kitini anavaa viatu, kiatu kimoja tayari kimefungwa kamba.

Tulikuwa wanne asubuhi ile ya mwisho wa Mei, kwenye gati la mbao la hifadhi ya Vassnäs, kusini ya Stockholm, mahali ambapo nchi kavu inashindwa kuamua iishie wapi na bahari ianzie wapi. Ni ardhi oevu, matete juu ya matete, na katikati yake njia za maji zinazopinda hadi Bahari ya Baltiki. Jua lilikuwa limewaka lakini maji yalikuwa baridi kama ya kisima. Kulikuwa na kayaki mbili za watu wawili wawili, moja nyekundu na moja ya kijani.

"Basi tufanye hivi," Firmin alisema. "Mimi najua kupiga kafi na Adhiambo anajua. Kila mmoja achukue mgeni. Adhiambo aende na mama Jennifer. Mimi niende na wewe."

"Hapo umesema," Okech akajibu. "Wanaume boti moja. Nina maswali."

Firmin alinitazama juu ya bega la shemeji yangu. Macho yake ni ya mtu mpole, yenye mikunjo pembeni kwa ajili ya kucheka, lakini asubuhi ile hayakucheka. Yalikuwa yakiniuliza kama nimelala. Sikuwa nimelala. Nilitikisa kichwa kidogo, naye akakunja midomo kana kwamba anasema, hata mimi.

Alikuwa ameniambia wakati wa Pasaka kwamba anataka kunioa. Nilimwomba asubiri. Jumamosi iliyokuwa ikija, watu wa ukoo wa Owuor walioko Stockholm wangekutana nyumbani kwa Okech, Hallunda, waamue kama watampokea Firmin akija na posa au watamfungia mlango. Na kila mtu alijua kwamba Okech akisema hapana, hakuna atakayesema ndiyo. Wazazi wangu walikwishatangulia. Sina kaka, sina dada. Owuor alipofariki ni Okech na Jennifer walionichukua kutoka nyumbani kwetu Norsborg, wakanilaza chumba cha binti yao, na Jennifer akanilisha uji kwa kijiko kama mgonjwa. Katika Uswidi yote nilikuwa na hao tu. Nikimpata Firmin na kuwapoteza wao, nitakuwa nimezika mara ya pili. Nikiwabakisha wao na kumpoteza Firmin, sijui nitakuwa nimefanya nini.

Firmin ndiye aliyetaka tuje hapa. "Waje wanione mahali ninapokuwa mimi," alisema. "Kwenye sebule ya watu mimi nakuwa kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini." Yeye ni mwalimu wa hesabu katika shule moja ya Botkyrka, na mwisho wa juma huongoza wageni kutazama ndege. Mimi nilimjua hapahapa, Agosti iliyopita, nilipokuja na akina mama wa kanisa. Nilikuwa nimelikaba kafi kama fimbo ya kuulia nyoka. Akasogea karibu na boti yangu akasema, "Shika polepole, mama. Maji hayawezi kukimbia." Nililegeza vidole. Sikuwa nimelegeza kitu chochote kwa muda mrefu sana.

"Kabla hatujatoka," Firmin alisema sasa, akiwa amesimama ndani ya maji hadi magotini, "kuna sheria moja. Mnaona ule ubao wa manjano? Kuanzia pale, pande zote mbili ni mahali ndege wanataga. Mtu haruhusiwi kwenda. Sisi tunapita mkondo wa katikati tu. Hatushuki. Hatukaribii. Na hatupazi sauti. Tunanong'ona mpaka tufike kwenye mnara."

Jennifer aliangua kicheko akashika tumbo. "Okech? Anong'one? Huyu hata akiomba chumvi jirani wa juu huleta!"

Ilikuwa kweli. Okech ndiye msema chochote wa Wakenya wote wa upande wetu. Harusi ni yeye, matanga ni yeye, na hajawahi kuhitaji kipaza sauti. Kwenye vikao vya ukoo nimeanza sentensi nyingi sana ambazo yeye ndiye aliyezimaliza.

"Nitanong'ona," alisema kwa hasira. "Mimi si mtoto."

Tuliingia majini. Jennifer alikaa mbele yangu, jaketi la uokozi limempanda hadi masikioni, akisali kwa Kijaluo. Mimi nilikaa nyuma, miguu kwenye usukani. Boti ya wanaume ilitangulia. Tulipopita ule ubao wa manjano, matete yalitufunga pande zote, marefu kuliko mtu, na dunia ikanyamaza. Si kwamba hakukuwa na sauti. Kulikuwa na milio elfu ya vindege tusioviona, na maji yakidondoka kutoka kwenye makafi. Ni sisi tu tulionyamaza.

Nilisogeza boti yangu karibu. Kwenye ukimya wa namna ile, mnong'ono husafiri juu ya maji kama uzi uliovutwa.

"Una miaka mingapi?" Okech alianza.

"Arobaini na nne."

"Miaka arobaini na nne na huna mke. Una nini?"

"Niko na wadogo watatu. Baba alikufa, nikawalea. Wa mwisho, Colombe, ameolewa mwaka jana. Nikasema, sasa Firmin, na wewe."

"Kwa hiyo shemeji yangu ni zamu."

"Hapana, bwana mkubwa." Firmin aliacha kupiga kafi. "Zamu ni zamu. Yeye ni yeye."

Jennifer aligeuza kichwa akanikonyeza. Boti ikayumba, akarudisha kichwa upesi. "Yesu wangu," alinong'ona. "Lakini amejibu vizuri."

"Unakunywa?" Okech aliendelea.

"Bia moja, siku za sherehe."

"Moja ya namna gani? Kuna watu moja yao ni kreti."

Nilimwona Firmin akitikisika mabega kwa kicheko alichokizuia. Mbele yetu fisi maji alichomoza kichwa, masharubu yakimetameta, akatutazama sote wanne kama tarishi aliyekosea nyumba, akazama. Okech alinyosha kidole, mdomo wazi. Alitaka kupiga kelele. Sauti ilimfika kooni, nikaiona kabisa, akaimeza.

Tulipinda kona, na Firmin akainua kafi juu, ishara ya kusimama. Juu ya msonobari mkavu, kwenye kisiwa kilichokatazwa, kulikuwa na kiota kikubwa kama kitanda. Tai wa bahari alikuwa amesimama ukingoni, mkia mweupe, mdomo wa manjano. Mwingine alikuja kutoka baharini na samaki kwenye kucha, mabawa yake mapana kama milango miwili. Kifaranga akalia. Wazazi wale wawili wakamgawia, mmoja akishika, mwingine akirarua.

Tulikaa tukielea. Okech alikuwa ameshika ukingo wa boti kwa mikono miwili, na uso wake ulikuwa umefunguka. Sikuwa nimeuona uso huo tangu mazishi.

"Hukaa pamoja siku zote?" aliuliza.

"Miaka mingi. Mpaka mmoja afe."

"Na mmoja akifa?"

Firmin alisita. "Hilo usiniulize mimi, bwana mkubwa. Nina maslahi."

Jennifer alijiziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Hata mimi nilicheka bila sauti, machozi yakinitoka. Lakini Okech hakucheka. Uso wake ulifungwa tena. Alijigeuza nusu kitini, akanitazama mimi, siyo Firmin.

"Mwanadamu si ndege," alinong'ona. "Shemeji, unajua unaitwaje kwetu?"

"Najua."

"Sema basi, mwenzetu huyu asikie."

"Chi liel," nikasema.

"Mke wa kaburi," Okech akamtafsiria Firmin. "Mwanamke aliyefiwa na mume si mwanamke asiye na mume. Mume wake yuko. Amelala tu. Hata avuke bahari, hata apewe pasipoti ya Uswidi, nyumba yake ni ya ndugu yangu. Sisemi nimrithi, mimi ni Mkristo na nina Jennifer. Nasema haiingiliwi na mtu wa nje."

Nilihisi kile ninachohisi kila mara kwenye sebule ya Hallunda. Maneno yakaanza kurudi tumboni. Nilingoja sauti yake ipande inifunike, kama kawaida. Nilingoja.

Haikupanda. Isingeweza. Tai walikuwa pale juu, na Okech, ambaye hajawahi kuvunja sheria ya nchi ya watu hata kwa kuvuka barabara taa ikiwa nyekundu, alikuwa amekwisha kuahidi. Alibaki ananitazama, pumzi zikimtoka puani. Ndipo nilipoelewa kwamba mahali hapa sauti yake na yangu zilikuwa sawa.

"Shemeji," nilinong'ona, "naomba unisikilize mpaka mwisho."

Alifungua mdomo.

"Mpaka mwisho, baba," Jennifer akasema. "Hapa si kikaoni."

Nilipiga kafi mara moja, boti yetu ikagusana na yao ubavu kwa ubavu. Firmin aliweka mkono wake juu ya ukingo wa boti yangu kuzishikanisha, akageuza uso pembeni akatazama matete. Hakutaka niseme kwa ajili yake. Nilimpenda kwa hilo kuliko kwa jambo lolote alilowahi kunifanyia.

"Mimi sikuolewa na kaburi," nikasema. "Niliolewa na Owuor. Owuor alikuwa anacheka akiwa amelala. Alikuwa anatia sukari tano kwenye chai akificha kijiko nisione. Kaburi halifanyi hivyo. Nimekaa nalo miaka mitatu, shemeji. Nimelipelekea maua kwenye theluji. Nimelisimulia habari za kazini. Halijanijibu. Na halikosei kutonijibu, ni kaburi."

Okech aliondoa mikono ukingoni mwa boti, akaiweka magotini.

"Wewe ulinichukua siku ambayo sikuweza kusimama. Sitasahau hilo mpaka nife. Lakini tangu siku ile unasimama badala yangu. Mtu akiniuliza jambo, unajibu wewe. Adhiambo atakula, Adhiambo hataenda, Adhiambo bado anaomboleza. Owuor alikaa nami miaka kumi na moja na hajawahi kunijibia swali hata moja. Alikuwa anasema, mwulizeni mwenyewe, ana mdomo. Basi mdomo ninao. Nampenda huyu mtu. Nataka kuolewa naye. Na sitaki kukupoteza wewe. Yote matatu nayasema mimi mwenyewe."

Mnong'ono wangu uliisha. Nililaza kafi ukingoni mwa boti. Kidole kidogo cha Firmin, kilichokuwa kimeshika boti, kiligusa changu, kikabaki hapo.

Okech alichovya vidole majini. Alipozungumza, sauti ilikuwa ndogo hata nililazimika kuinama.

"Sasa mimi nitamwongelea na nani?"

"Shemeji?"

"Owuor. Watoto wangu wanasema, pappa, umeshatuambia hiyo hadithi, na wanasema kwa Kiswidi. Jennifer hakumjua akiwa mdogo. Wewe tu ndiye nikisema Owuor unainua kichwa." Aliufuta uso kwa mkono wenye maji, ikawa haijulikani kipi ni kipi. "Ukienda kwa mtu mwingine utaacha kuinua kichwa. Ndivyo inavyokuwa. Na mimi nitabaki peke yangu naye."

Ee Mungu. Miaka mitatu nilidhani ananilinda kama mali ya ukoo. Kumbe alikuwa ananishikilia kama mtu anayeogopa giza anavyoshika mkono wa mwenzake.

"Na mimi," nikamwambia. "Utamwongelea na mimi. Jumapili zote. Nitaolewa, shemeji, sitapotea."

"Na mimi nitakuwa hapo," Firmin akasema taratibu, bado anatazama matete. "Mimi sikumjua Owuor. Lakini hajatoka ndani ya huyu mama, na mimi sikuja kumtoa. Nilikuwa nataka mtu wa kunisimulia alikuwa mtu gani. Adhiambo akianza, analia. Wewe, bwana mkubwa, unajua kusimulia."

Okech alivuta pumzi ndefu. Alimtazama Firmin kutoka kwenye kofia hadi kwenye ule mkono ulioshika boti yangu, na kile kidole. Alikiona. Nilijua amekiona.

"Twende kwenye mnara," alinong'ona. "Miguu imekufa ganzi."

Tulipiga kafi tukiwa sambamba, na mkondo ukapanuka, na harufu ya chumvi ikaja kutoka baharini. Korongo wawili wa kijivu walitembea kwenye majani mafupi kama wazee wanaokwenda kumtolea mtu ushahidi. Nilimwona Okech ameanza kupiga kafi sawasawa na Firmin, kushoto pamoja, kulia pamoja, na boti yao ikaacha kwenda upogo.

Mnara wa kutazamia ndege uko nje ya eneo lililokatazwa, kwenye jabali lenye gati na meza ya mbao. Firmin aliruka majini kwanza, akamshika Okech mkono akamtoa. Okech alinyosha mgongo, akakohoa, akajaribu sauti yake kama mtu anayejaribu gari lililokaa siku nyingi.

"Firmin," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita jina. "Jumamosi usije peke yako. Posa haiji na mtu mmoja kama fundi wa mabomba. Una wazee?"

Firmin alikuwa ameganda, nusu yake majini. "Niko na mjomba Vainqueur mu Göteborg. Na mke wake."

"Waje wote wawili."

"Na mke wake lazima," Jennifer akadakia, akitambaa kutoka kwenye boti kwa magoti. "Sisi hatupokei posa ya wanaume watupu. Na aniletee kile kitenge cha Kongo, siyo cha dukani Skärholmen."

"Jennifer!"

"Nini? Mimi ndiye nitakayepika."

Okech alimshika Firmin bega. "Nitawaambia watu wangu kwamba nimekuuliza na umejibu. Watauliza, wewe Okech unasemaje? Nitasema ndiyo."

Jennifer alikuwa tayari amejaza hewa kifuani kwa vigelegele. Nikainua mkono.

"Ngoja kwanza," nikasema, kwa sauti kamili. "Mmeongea ninyi. Posa mmeipangia siku. Mmefika hadi kitenge. Hakuna aliyeniuliza mimi."

Wote watatu wakanigeukia. Kisha Okech akafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona. Alirudi nyuma hatua mbili, akafumbata mikono mbele, akamwambia Firmin, "Mwulize mwenyewe. Ana mdomo."

Firmin alivua kofia. Alikuwa amesimama kwenye maji yale ya baridi, suruali imemganda miguuni, kipara chake kidogo kinang'aa. Hakupiga goti, angezama. Alinitazama tu, na macho yake yalikuwa yamejaa.

"Adhiambo," alisema. "Mimi nakupenda. Nakupenda na huzuni yako, siyo ile nitakayokuponya, ile uliyo nayo. Utakubali kukuwa mke wangu?"

Nilimwacha angoje. Si kwa ukatili. Nilitaka kuusikia moyo wangu ukidunda, maana kwa muda mrefu nilikuwa nikiusikia kama wa mtu wa chumba cha pili.

"Jina la Owuor litatajwa nyumbani mwetu," nikasema. "Mezani, mchana, bila mtu kushusha macho."

"Litatajwa."

"Basi ndiyo. Ndiyo, Firmin. Nitaolewa na wewe."

Hapo Jennifer hakuzuilika tena. Vigelegele vyake vilipanda mnara, vikapita mnara. Firmin alitoka majini akanikumbatia na maji yake yote, akanilowesha kuanzia shingoni, nami nikamkumbatia mbele ya shemeji yangu, mchana kweupe, na sikuachia. Nyuma ya sikio langu nilisikia Okech akicheka, kicheko cha kwao, kilekile ambacho Owuor alikuwa nacho, na hakikuniuma.

Wazee wawili wa Kiswidi, mume na mke, walishuka ngazi za mnara haraka na darubini zikiwaning'inia shingoni. Walidhani mtu amezama.

"Hon ska gifta sig!" Jennifer akawapigia kelele, akininyoshea kidole. Anaolewa!

Yule bibi alisimama. Alitazama nguo zangu zilizolowa, akamtazama Firmin, akatabasamu mpaka mashavu yakapanda. Akaja moja kwa moja kwangu na mkono mbele. "Grattis," alisema. "Grattis, kära du." Hongera, mpenzi.

Miaka mitatu kila aliyenishika mkono alikuwa akinipa pole. Nilikuwa nimezijua pole zote, za kazini, za kanisani, za kwenye simu. Hongera nilikuwa nimesahau hata inapokelewaje. Nikanyosha mikono yote miwili nikaipokea.